Fomu Aliyoijaza Dada Mtu

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: limehifadhiwa kwenye jalada, kazini huitwa Mama Picha. Umri: miaka 47. Kazi: fundi wa mashine ya sumaku ya kupiga picha za ubongo. Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya hospitali.

Mnamo tarehe 3 Machi tulianza utafiti kuhusu wanawake wasio na huruma. Daktari aliniambia, "Wanaume wa aina hii tunawajua kwa ngumi. Wanawake wanatuponyoka, maana kulia wanajua." Kila aliyejitolea alilazwa ndani ya mashine, akaonyeshwa nyuso za watu wenye hofu. Ubongoni kuna kisehemu kidogo kama kokwa ya tende, ambacho huamka mtu akiona mwenzake anaogopa.

Tarehe 9 alikuja mshonaji wa nguo za maharusi. Mcheshi, hadi mlinzi alimpenda. Kisehemu chake hakikuamka hata mara moja. Akivaa viatu aliniuliza kwa nini fomu ya usalama aliyojaza inataja chuma kichwani. Nikamjibu kwamba sumaku hukivuta, mtu anaweza kufa.

Akasema, "Kumbe! Asante, mama."

Mnamo tarehe 16, saa nne na dakika kumi asubuhi, mshonaji alimleta mdogo wake wa kike, ajitolee naye. Alisema ni bubu wa kuzaliwa. Baadaye ndipo nimejua kwamba alipasuliwa kichwa akaachiwa kibanio cha chuma kwenye mshipa, na uwezo wa kusema ukapotea hapo. Dada mtu alijaza fomu. Penye chuma aliandika "Hapana." Sheria inanitaka nimuulize mhusika mwenyewe, hata kwa ishara. Palikuwa na foleni. Sikumuuliza, nikatia sahihi.

Yule mdogo alinishika mkono, akaupeleka juu ya kilemba chake. Dada yake akacheka: "Anaogopa utamvuruga nywele."

Saa nne na dakika ishirini na tano kitanda kiliingia mashineni. Alipiga ukelele mmoja. Nilimtoa mbio, akirusharusha miguu. Alikata roho saa tano kasoro dakika tano.

Muda wote dada mtu alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo cha dirisha la chumba cha mashine, anatazama. Daktari alipoingia, dada mtu alijitupa sakafuni, akalia mpaka wauguzi wakamwinua. Daktari alipotoka, kilio kilikatika. Akaniambia taratibu, "Sahihi kwenye fomu ni yako, mama. Mimi mshonaji, mambo ya sumaku nitayajulia wapi?"

Niliogopa, nikanyamaza siku tano. Leo nimesema yote niliyoyaona na niliyoyafanya, na hayo ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maoni ya afisa: Nimemsomea, amekiri kuwa ni maneno yake. Dada wa marehemu yuko benchi la nje, anasubiri zamu yake. Ameniomba maji ya kumpa mama yao, anamfuta machozi.