Dakika Kumi za Mapumziko

Tarehe 3 Machi

Kwa baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Sikio la kushoto linaendeleaje? Dereva wa basi anayetupelekea barua ananiambia umeanza kulitia pamba tena, na kwamba ukiulizwa unajifanya hujasikia, jambo ambalo kwako ni rahisi. Mimi ni mzima, goti limepona, na cherehani ya karakanani bado inanivumilia. Nakuandikia kwa sababu simu na wewe ni kupoteza pumzi. Mara ya mwisho nilikwambia nina homa, ukanipongeza.

Baba, nina hasira, na nimeona nikuandikie wewe kabla sijamjibu mtu atakayenifukuza. Unakumbuka mwenyekiti wa klabu alituahidi sisi timu ya wanawake mechi kwenye uwanja mkubwa? Miaka mitatu tunafanya mazoezi kwenye kokoto za uwanja wa shule tukiisubiri mechi hiyo. Jana ametuita ofisini, akatukalisha kwenye viti vyenye mito, nikajua hapa kuna jambo. Akasema tarehe 5 Aprili, siku ya mechi kubwa ya wanaume, tutacheza. Tukashangilia. Kisha akamalizia: wakati wa mapumziko, dakika kumi, baada ya mchekeshaji na kabla ya droo ya kushindania friji. Nusu uwanja, magoli madogo ya watoto, hakuna makipa, na kila bao likiingia sote tukate mauno. Akafungua boksi akatoa sketi. Sketi, baba, fupi, za rangi ya waridi, kumi na nne.

Nikamuuliza kama wanaume nao watavaa. Akasema, "Nahodha, usiwe mgumu. Watu wanataka burudani." Tukikataa, timu inafutwa.

Mimi si burudani. Mimi ni beki wa kati. Wewe umezikanyaga nyasi za uwanja ule kuliko mwenyekiti yeyote, hebu niambie nifanye nini.

Kitindamimba wako


Tarehe 11 Machi

Kwa mwanangu,

Marahaba. Sikio lipo, kichwa kipo, na pamba ni ya kuzuia vumbi. Mwambie dereva ashike usukani, aache masikio ya watu. Mama yako mdogo anakusalimu na anauliza utakuja lini. Mimi pia nauliza, ila sisemi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimkasirikia mwenyekiti. Mara ya pili nilikukasirikia wewe. Neno burudani umelitema kama mbegu ya chungwa. Nani alikulea? Miaka ishirini na minane nimepiga ngoma kubwa ya bendi pale uwanjani, kila mapumziko, mvua na jua, na wewe ulijifunza kutembea ukiwa umeshika mkanda wa ngoma ile. Siku timu ilipofungwa manne kipindi cha kwanza, unajua kwa nini watu hawakwenda nyumbani? Walikuwa wanatusubiri sisi. Mtu aliyekaa muda wote ule roho juu anahitaji mahali pa kuishushia. Miaka sita iliyopita wakatuondoa, wakaleta maspika. Tangu siku hiyo nimeapa sitakanyaga pale, na sitakanyaga. Lakini aibu sina.

Kuhusu sketi nakuunga mkono. Sisi tulivaa makoti yenye vifungo vya shaba, na tulivipiga msasa wenyewe.

Kuna siku afisa mmoja alitujia mbio katikati ya wimbo, anapunga mikono, tutoke haraka, mgeni rasmi anataka kuhutubia. Mkuu wa bendi hakumtazama hata kidogo. Kwake wimbo ukianza unaisha, hakuna mjadala. Tukapiga mpaka mwisho. Timu mbili zimesimama, refa kakumbatia mpira, na uwanja mzima unapiga makofi kwa kufuata mkono wangu. Hakuna aliyethubutu kutugusa, maana kumburuta mtu anayefanya kazi yake vizuri mbele ya watu elfu kumi kunahitaji uso mkavu sana.

Hilo ndilo ninalolijua. Lingine usiniulize.

Baba yako


Tarehe 15 Machi

Baba, shikamoo.

Leo sikuulizi sikio, nina haraka ya kugombana.

Wewe uliitwa kupiga ngoma, ukapewa ngoma. Sisi tumeitwa kucheza mpira, tunapewa kichekesho cha mpira. Wangekuita upige sufuria kwa mwiko huku ukikata mauno, ungekwenda? Ungemvalisha mwenyekiti hiyo sufuria kichwani. Basi usinihubirie heshima ya burudani. Hasira zangu hazikukuhusu wewe, ila ukizitaka, zipo za kutosha.

Mwanao


Tarehe 30 Machi

Baba mpenzi,

Shikamoo. Wiki mbili hujajibu. Dereva anasema u mzima, amekuona umekaa nje unapigapiga ndoo na hata hukumwitikia salamu. Kama umeninunia, nuna, lakini kula. Yale ya sufuria niliyasema kwa ukali. Naomba radhi kwa ukali, siyo kwa maneno.

Tumekata shauri: tutakwenda. Sketi nimezifumua zote. Kitambaa ni kizuri, fundi aliyezishona hakuwa na kosa. Sketi mbili zinatoa kaptula moja, kwa hiyo saba wetu watavaa kaptula za waridi na saba watabaki na zetu nyeusi za zamani. Timu mbili hizo hapo. Magoli madogo hatuyataki. Tutacheza uwanja mzima, magoli makubwa, makipa wamesimama golini, na mechi itaisha bao likiingia. Siyo dakika kumi. Bao. Wimbo ukianza unaisha, si ndivyo ulivyoniandikia?

Najua tunaweza kuipoteza timu. Sina nyingine, baba, na nina miaka thelathini na moja. Ikiondoka hii sitacheza tena, nitabaki kushonea wengine jezi mpaka macho yaishe. Naogopa mpaka sindano inanichoma vidole. Lakini kama ni kufutwa, tufutwe tukiwa tunacheza.

Nimempa dereva tiketi yako, jukwaa la kaskazini. Najua uliapa. Nimetuma tu.

Kitindamimba wako


Tarehe 9 Aprili

Baba,

Shikamoo, na safari hii nijibu upesi, maana sipati usingizi.

Mchekeshaji alipomaliza tukaingia. Wafanyakazi wa uwanja walikuwa wameshapanga magoli madogo. Tukayabeba, tukayaweka nje ya mstari. Watu wakacheka, wakadhani na hilo ni sehemu ya vichekesho. Dakika mbili za mwanzo zilikuwa za miluzi na maneno ambayo siwezi kumwandikia baba yangu. Kisha winga wetu akampiga mtu chenga mbili pale pembeni, na nikasikia kicheko kinakatika. Dakika ya nane kipa wetu, yule muuguzi, alipangua shuti la karibu kabisa, watu wakasimama vitini.

Dakika ya kumi mtangazaji wa uwanja akasema, "Asanteni akina dada, sasa tupisheni droo." Hatukutoka. Akarudia. Friji ikaletwa kwa toroli mpaka kwenye mstari, ikaegeshwa pale, na mchekeshaji akaegemea juu yake. Mwenyekiti nilimwona kwa macho yangu akimfokea mtu wa muziki. Wakafungulia maspika yote ili kutuzima. Hatukuweza hata kuitana. Nikaona wenzangu wanatazamana, na mimi, baba, sikufichi, nilikuwa nimeshanyanyua mkono niseme basi.

Ndipo ngoma ikaanza, jukwaa la kaskazini. Pigo moja, ikasubiri, mawili. Mdundo ule nimelelewa nao, siwezi kuukosea. Waliokaa karibu wakaushika kwa makofi, kisha jukwaa zima, kisha uwanja, mpaka maspika yakawa hayasikiki tena. Mkono niliushusha. Wanaume wakatoka vyumbani, wakasimama nyuma ya friji wakitutazama, na kapteni wao akaanza kupiga makofi. Refa wao akaukumbatia mpira wake, akasubiri.

Dakika ya kumi na saba tukapata kona, nikapanda, nikapiga kichwa. Bao. Waliovaa waridi nao walikuja kunikumbatia, na mimi ndiye niliyewafunga. Hatukukata mauno. Tulipeana mikono, tukatoka tukitembea, hakuna aliyekimbia.

Jumatatu mwenyekiti ametufuta. Anayetaka kurudi aandike barua ya msamaha. Wawili wameandika, siwalaumu, wana sababu zao. Mimi siandiki. Nimekwenda kwa mwalimu mkuu kuomba uwanja wa shule, na Jumamosi tunacheza na wanawake wa kiwanda cha sabuni, dakika tisini, kwenye kokoto zetu. Jina la timu hatuna. Mwalimu mkuu anasema tangu jana watu wanamuuliza mechi ni saa ngapi.

Nilikutafuta getini mpaka watu wakaisha. Ulikuwepo?

Mwanao


Tarehe 10 Aprili

Kwa nahodha, mwanangu,

Marahaba. Sikio la kushoto limeziba kabisa. Daktari ameuliza Jumamosi nilikuwa wapi kwenye kelele namna hiyo, nimemwambia nilikuwa nyumbani. Na wewe nakujibu hivyo hivyo. Niliapa sitakanyaga pale, na mimi si mtu wa kuvunja kiapo.

Ila huyo mzee wa jukwaa la kaskazini, kama nilivyosikia, alikosa pigo moja dakika ya kumi na nne, kwa sababu ulianguka vibaya na moyo ukamruka. Mkono wake wa kushoto umepoa kwa miaka sita, asilaumiwe. Na lile bao ulilipiga macho umeyafumba, nimeambiwa. Beki hafumbi macho.

Ulisema kweli kuhusu sufuria. Ndiyo sababu nilinuna wiki mbili, hakuna nyingine.

Barua ya msamaha usiiandike. Mama yako mdogo amesema hivyo na mimi natia sahihi.

Ngozi ya ngoma nimeikaza upya. Leo asubuhi nilikwenda kwa mkuu wa bendi. Bado yu hai, ana tarumbeta mbili na meno ya kutosha kupuliza moja. Vifungo vya koti nimevipiga msasa. Mwambie mwalimu mkuu kwamba Jumamosi mapumziko ni dakika kumi na tano kamili, na asipange hotuba. Nyinyi chezeni mpira. Burudani ni sisi.

Baba yako