Mistari Niliyoikata kwa Rula

Yunesi, mdogo wangu,

Nakuandikia hadharani kwa sababu nawe ulilaumiwa hadharani: yadini Tunduma mbele ya madereva, kisha nyumbani Hasamba mbele ya wajomba na shangazi. Ningeweza kumpa barua hii mtu anayevuka mpaka akuletee huko Ndola uisome peke yako. Lakini lawama iliyotangazwa kwa wengi haiwezi kufutwa kwa kunong'onezana. Wengine watakaoisoma wanivumilie, maana kuna jambo la kompyuta ambalo lazima nilieleze taratibu. Miaka yote hii nimenufaika kwa kuwa hakuna mwingine aliyelielewa.

Unakikumbuka kile chumba chetu cha mabati kwenye yadi ya malori? Kompyuta moja, mashine ya kuchapa iliyokuwa ikilia kama kinu, na dirisha linaloangalia foleni ya kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Mwenye yadi, ambaye madereva wote walimwita Mama Yadi, alitaka programu ya kupanga zamu ili watu waache kugombana. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kozi ya mwaka mmoja Mbeya, nikajiona fundi. Wewe ulijifunza kwenye kitabu changu cha fotokopi, na baada ya miezi miwili ulikuwa ukinisahihisha. Tuligawana kazi. Mimi niliandika kipande kinachopokea jina la dereva na namba ya gari. Wewe uliandika kipande kinachompanga kwenye foleni. Changu kilipomaliza kupokea, kilikiita chako na kusubiri majibu.

Siku moja nilikuuliza ile programu ya kutafuta makosa inajuaje kosa lilikotoka, wakati kompyuta imeshakufa. Ulikuwa ukimenya muhogo mbichi. Hukuacha kumenya.

"Kaka, kumbuka siku ya ungo," ulisema. "Mama alikutuma ungo kwa mama mkubwa. Wewe ulikuwa unacheza, ukanituma mimi. Mama amesimama jikoni, anasubiri. Wewe umesimama njia panda, unasubiri. Kila anayesubiri ana vitu vyake mkononi, na anajua pa kumrudia aliyemtuma. Mtu mmoja wa namna hiyo ndiyo fremu moja. Zinapandana hivyohivyo, moja juu ya nyingine."

"Halafu wewe ukaanguka mtoni," nilisema.

"Nikaanguka, ungo ukapasuka. Sasa programu inafika, inamkuta Yunesi yuko chini. Huyo ndiye fremu namba sifuri. Haimchapi. Inamuuliza tu: nani kakutuma, naye yuko wapi? Inakwenda mpaka hapo, inatazama kashika nini mkononi. Halafu naye inamuuliza hivyohivyo. Inarudi nyuma namna hiyo mtu kwa mtu mpaka kwa mama, aliyeanzisha safari yote."

"Na baba je?"

"Baba anaishia fremu namba sifuri. Anamchapa aliyekutwa chini."

Tulicheka sana. Nililiandika somo hilo kwenye daftari langu la siku, kwa maneno yako hayohayo, kwa sababu kozi nzima ya Mbeya haikunieleza vizuri kama wewe na kisu chako cha muhogo.

Katika daftari hilohilo, kurasa chache mbele, kuna jambo jingine. Nilikuwa nimetenga nafasi ya herufi ishirini kwa jina la dereva. Ulisimama nyuma ya kiti changu ukatazama.

"Ishirini zitatosha, kaka? Wakongo wana majina marefu."

"Sisi tunaandika programu, hatuandiki ukoo," nilikujibu.

"Haya, fundi," ulisema ukaenda zako.

Hukubishana. Mimi nilikuwa mkubwa, na kipande kilikuwa changu.

Jumanne ile ulikuwa umekwenda Hasamba kwa msiba wa jirani. Saa nne asubuhi alikuja dereva wa Kikongo, mpole, kofia mkononi. Nikamwandikisha: Kabongo Tshimanga Mumba. Nikabonyeza, na skrini ikaganda. Nilipoiwasha upya, orodha yote ya foleni haikuwepo. Malori hamsini na kitu yalikuwa yamejaa yadini, na hakuna aliyekuwa na ushahidi wa zamu yake.

"Mukwai, mimi nilikuwa wa tatu," alisema Mzambia mmoja kwa heshima ya kwao.

"Wa tatu wa lini? Jana ulikuwa umelala Mlowo wewe," mwingine akamjibu.

Wakaanza kusukumana, mmoja akapasuka mdomo. Mama Yadi akaja akiwa ameshika kanga kiunoni.

"Mwanangu, nataka jina la aliyeharibu," aliniambia. "Sitaki hadithi za kompyuta. Jina, kabla ya saa saba."

Nikafungua ile programu ya kutafuta makosa. Kompyuta ilikuwa imehifadhi hali yake yote ya dakika ya kufa, kwa hiyo kila fremu ilikuwa bado mahali pake. Mstari wa kwanza ukatoka: namba sifuri, kipande chako, pale panapotafuta nafasi ya lori kwenye orodha. Wewe ndiye uliyekutwa chini. Sitakudanganya tena: nilipumua kwa raha.

Lakini ulishanifundisha kutoishia hapo. Nikapanda fremu moja. Namba moja, kipande changu, kimesimama kinasubiri. Nikatazama kilichokuwa mkononi mwake. Namba ya nafasi niliyokupa ilisomeka 6382189. Yadi yetu ilibeba malori themanini.

Nikaiambia mashine inionyeshe namba hiyo kwa herufi badala ya tarakimu. Zikatoka herufi tatu: mba.

Unajua tayari, Yunesi. Nawaeleza wengine. Jina la yule dereva, pamoja na nafasi za katikati, lilikuwa na alama ishirini na tatu. Ishirini zilikaa kwenye sanduku langu dogo. Tatu zilizobaki zilimwagikia kwenye kisanduku cha jirani, kilichokuwa na namba ya foleni, zikaifuta. Mimi ndiye niliyekukabidhi mkia wa jina la mtu nikasema ni namba, nikakutuma ukatafute lori lisilokuwepo. Ulianguka ukitekeleza nilichokutuma.

Kuna jambo dogo ambalo limenisumbua kuliko yote. Baada ya kisanduku kile cha namba, mbele yake tu, ndipo zinapohifadhiwa zile anwani mbili ambazo programu huzitumia kurudi nyuma: alipo aliyenituma, na mahali pa kuendelea nikimrudia. Jina lingekuwa refu zaidi kwa herufi chache, nazo zingefutika. Mashine ingeuliza "nani kakutuma?" isipate jibu, na badala ya majina ingechapa alama za kuuliza. Ningeweza kusema sikujua. Lakini jina la yule bwana liliishia pale pale. Njia ya kurudi ilikuwa nzima, na mimi niliipita kwa miguu yangu.

Nilichapa karatasi yote. Ilikuwa na mistari minne, mmoja kwa kila fremu. Nikaweka rula chini ya mstari wa kwanza, nikaukata kwa wembe, nikampelekea Mama Yadi huo mmoja.

"Hii ndiyo nini?" aliuliza.

"Ndipo ilipofia."

"Kipande cha nani?"

"Cha Yunesi."

Yote niliyomwambia yalikuwa kweli. Ndiyo maana ulikuwa uongo mzuri. Ile mistari mitatu niliibandika kwenye daftari kwa gundi, na juu yake nikaandika siku na saa, kama mtu mwaminifu anavyofanya.

Ulirudi Alhamisi. Madereva walikutangulia kukupa habari, tena kwa kejeli: "Dada wa kompyuta, leo tutapangwa kwa mashine au kwa ngumi?" Uliingia chumbani bila kuvua viatu vyenye tope la msibani. Hukuniuliza kwa nini nimekutaja. Uliuliza swali la fundi.

"Ulipanda fremu ya juu yake, kaka?"

"Nilipanda."

"Ulikuta nini?"

"Hakuna kitu."

Ulinitazama. Najua ungeweza kufungua mwenyewe ukaona, lakini nilikuwa nimeshaifuta ile hali iliyohifadhiwa, nikakuambia ilikuwa inajaza nafasi. Ukakaa siku mbili ukisoma kipande chako mstari kwa mstari. Ulipata kwamba hukukagua kama namba unayoletewa ipo kati ya moja na themanini. "Basi ni mimi," ulisema. "Nilipaswa kukagua." Nami nikajishikilia kwa hilo kwa miaka: kwamba hata wewe ulikiri. Sikutaka kukumbuka kwamba mtu hakagui kilichotoka mkononi mwa kaka yake.

Mama Yadi alikuwa ameahidi kukupeleka chuo Dar es Salaam mwezi wa tisa. Nafasi hiyo niliichukua mimi. Wewe ulirudi Hasamba kuchuma kahawa msimu mmoja, wajomba wakiuliza kila mara kama vidole vyako havitaharibu na mashine ya kumenya buni. Baba alicheka pamoja nao. Msimu ulipoisha ulivuka Nakonde bila kuniaga. Sasa hivi nina ofisi Vwawa, cheti ukutani, na vijana wanaoniita mwalimu. Kila mwaka nawafundisha namna ya kurudi nyuma fremu kwa fremu. Natumia mfano wako wa kutumana. Sijawahi kuwaambia ni wako.

Ningeendelea hivyo. Lakini mwezi uliopita kijana mmoja darasani alimlaumu mwenzake kwa kosa fulani, na nikamwambia apande fremu moja. Akapanda, akajikuta yeye. Akageuka kwa mwenzake mbele ya wote akasema, "Samahani, ni mimi." Ilimchukua muda mfupi kuliko kunywa maji. Nikatoka nje, nikasimama nyuma ya jengo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Hasamba nikamweleza baba. Nilichukua daftari, nikamwonyesha ile mistari mitatu. Hasomi vizuri siku hizi, akanitaka nimsomee, na kila mstari akauliza maana yake. Alipoelewa aliweka kidole kwenye karatasi.

"Hili lilikuwa kwenye daftari siku ileile?"

"Ndiyo, baba."

"Na miaka yote umekuwa unakula hapa mezani kwangu, sisi tunamcheka, na wewe unacheka."

"Ndiyo, baba."

Alisukuma kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akasema, "Mwandikie. Usimwambie nimekusamehe, sijui kama nimekusamehe. Na usimwombe arudi ili wewe upate kulala. Mwambie ilivyokuwa, basi."

Kwa hiyo sikuombi kurudi. Nilikwenda pia kwa Mama Yadi. Yadi aliiuza zamani, na miguu inamsumbua. Alisikiliza mpaka mwisho akaniambia, "Nilikuambia nataka jina, ukanipa." Hakunikaribisha kukaa.

Nitakuambia jambo moja la mwisho, halafu niishie. Juzi kulikuwa na ugeni nyumbani, watu wa Mlowo waliokuja kuleta posa ya binti wa mjomba. Mmoja wao, mzee mchangamfu, alinitazama na shati langu la ofisini akamwambia baba, "Nasikia una mtoto bingwa wa kompyuta."

Baba alikuwa ananawa mikono. Akajifuta taratibu kwa taulo, kidole kwa kidole.

"Ninaye," alisema. "Yuko Ndola. Anaitwa Yunesi."

Mgeni akageuka kunitazama tena, kama anayengoja nicheke kwa utani huo. Nikamwambia, "Ndiye huyo," nikaenda kuwaletea chakula.

Baki salama huko uliko, na Mungu akutunze wewe na wako.

Ni mimi, kaka yako uliyemwamini.