Pipa la Tano

Mwenzangu uko wapi? Nimejifungia stoo.

Unakumbuka yale mafua yangu? Yaliisha, lakini pua haikurudi. Wiki ya tatu sasa sisikii harufu yoyote. Bosi sikumwambia. Ningemwambiaje? Ulimi unasikia ukali tu. Bia chachu tunayotengeneza hapa kiwandani na siki hutofautishwa na pua, na mwonjaji ndiye mimi!

Sasa leo tulikuwa tunachanganya ile bia iliyolala kwenye mapipa ya mbao miaka mitatu. Nikaonja pipa la tano, nikamtazama bosi. Naye akaonja, akasema, "Safi." Nikadakia, "Safi sana."

SAFI SANA! Mdomo wangu huu huu!

Tukalimimina lote kwenye tangi, juu ya yale mengine manne.

Mara mama wa usafi akapita na ndoo yake. Akakunja uso. "Jamani, nani kamwaga siki humu?"

Siki. Lita elfu moja zimo mle!

Bosi akaniuliza polepole, "Kwani wewe hukusikia?" Nikakiri yote, mafua, pua, wiki tatu. Nikasubiri kufukuzwa.

Wala hakufoka. Alikaa juu ya kreti, akavua miwani. "Mimi huu mwaka wa pili sisikii harufu. Nikionja, huwa naangalia uso wako tu."

Mwenzangu, na mimi wiki zote hizi nilikuwa naangalia wake.