Nusu ya Kushoto

4 Machi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, isipokuwa bega la kushoto, ambalo fremu ya mlango imeligonga mara mbili wiki hii. Mlango ule tumeishi nao kwa amani miaka yote, sijui nimeukosea nini.

Picha ulizopiga kwa hadubini huko maabara zimefika. Lile shina lililokatwa na kutiwa rangi limeninyima usingizi kwa furaha. Nimechora mabango ya maduka tangu ujana, sikujua kwamba ndani ya kijiti cha kawaida kuna vyumba vingi namna ile, vyekundu na vya buluu. Nimelichora kwenye turubai kubwa, duara zima, na nakutumia. Jirani yetu fundi cherehani ameuliza ni ramani ya mji gani. Nimemwambia ni mji usio na kodi ya nyumba.

Nijibu upesi, maana mzee asiyesifiwa huzeeka haraka.

Baba yako

17 Machi

Shikamoo baba,

Natumaini u mzima na bega limepoa. Mimi mzima.

Mchoro umefika, na mkuu wa maabara ameshautundika ukumbini. Wote wameusifu, na mimi nilipiga makofi. Umechora nusu ya kulia tu, ya kushoto ukaiacha turubai tupu. Walisema huo ndio ufundi wenyewe, mtazamaji ajimalizie. Jioni nikaweka picha yangu kando ya mchoro wako. Wewe ulisema umechora duara zima. Baba, uliacha makusudi?

Mwanao

23 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Huku salama.

Nimeacha nini? Nimechora chumba kimoja kimoja mpaka vidole vikafa ganzi. Labda turubai lilipata unyevu njiani, rangi ikatoka. Usinizeeshe kabla ya wakati. Sasa nachora lile bawa la mbu lililokuwemo kwenye picha zako, na wiki ijayo napanda ngazi kuandika bango la duka la viatu.

Baba yako

29 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Leo sikuulizi habari, naziogopa.

Rangi haikutoka. Nimepitisha kidole, pale hapajaguswa na brashi. Na barua yako umeiandika nusu ya karatasi, maneno yote yamebanana upande wa kulia. Hujawahi kuandika hivyo. Nakusihi, usipande ngazi.

Ulinifundisha mwenyewe kwamba kabla ya kukabidhi bango unaligeuza juu chini, na kosa linajitokeza. Basi ligeuze hilo bawa la mbu. Ukiona pengo, nenda hospitali siku hiyohiyo. Unaujua msemo wa mficha maradhi, usinilazimishe kuumalizia. Nimeomba ruhusa kazini.

Mwanao

6 Aprili

Mama, binti yangu,

Safari hii sina utani. Barua yako ilinikasirisha, lakini ngazi niliiacha ukutani. Kisha nikaligeuza bawa. Nililodhani nimelimaliza lilikuwa kipande, na pembeni yake weupe mtupu. Nikakaa sakafuni. Kipofu anajua kwamba haoni. Mimi sikujua, na hilo ndilo linalonitisha.

Fundi cherehani amenipeleka hospitali, wakanipiga picha ya kichwa. Kuna uvimbe upande wa kulia, mweupe kama yai. Daktari anasema upande wa kulia wa ubongo ndio unaotazama kushoto, na wiki ijayo watanifungua kichwa wautoe uvimbe huo. Aliniuliza kama nina swali, nikaomba nakala ya picha. Nimejaribu kuichora, nikaweka brashi chini.

Naogopa, mama. Siogopi kufa peke yake, naogopa kuamka nikiwa nimepungukiwa na kitu na nisijue ni kitu gani. Njoo upesi.

Baba yako

27 Aprili

Mwanangu,

Nimeamka, na hii naandika mwenyewe. Uvimbe umetoka. Kushoto bado hakujarudi, na daktari haahidi. Siku hizi nageuza kila kitu, hata barua hii nimeigeuza kabla ya kuifunga. Jana nililalamika kwamba wananipunja chakula. Nesi akaizungusha sahani, kumbe nusu ilikuwepo. Tukacheka, kisha nikalia kidogo.

Amenieleza na jambo jingine. Anasema mpaka ruhusa yako ilipokwisha ulikuwa ukikaa kwenye kiti kando ya kitanda, umenishika mkono, nami nikimuuliza kila anayepita mwanangu atafika lini. Sauti yako nilikuwa naisikia, nikadhani naota. Kiti kilikuwa kushoto.

Nimemwomba akihamishe. Njoo tena, ukae kulia, nikuone.

Baba yako