Bi Mtaa na Kaya Nne Zilizobaki

Mwaka umetimia, Bi Mtaa, tangu Jumanne ile ulipoanguka kwenye ngazi za chuo, mkoba ukiwa begani, usiamke tena. Mwaka wenyewe hatujui tumeupitishaje. Tumeamka, tumeenda kazini, tumerudi, tumelala. Watu wanatuambia tupige moyo konde, nasi tunaitikia. Ganzi bado haijatutoka.

Maktaba ya chuo iliandika kukumbusha kwamba una vitabu vyao viwili. Mdogo wako alivirudisha. Karani akagonga mhuri, akasema asante, naye akasema asante, akapanda basi akarudi nyumbani. Siku nyingi zimekuwa hivyo.

Ulifundisha habari za miji miaka thelathini na mmoja. Ulijiita Mmaksi hata pale wenzako chuoni walipoanza kuona haya kulitamka neno hilo. Lakini hukuwa mtu wa maneno mazito. Mumeo, fundi cherehani, alipokuuliza mara ya kwanza unaandika nini hasa, ulimwambia kwamba mtaa hupandishwa thamani na wanaoufagia, wanaouza mboga hapo, wanaozibua mitaro na kuangaliziana watoto. Thamani ikishapanda, hao ndio wanaoambiwa wahame. Akauliza kama kitabu kizima kinasema hilo tu. Ukacheka, ukasema ndiyo, kurasa nyingine ni za kuwaridhisha maprofesa.

Vitabu vyako vyote vitatu uliviandikia kwenye meza yake ya kukatia vitambaa, kwani ndiyo pekee iliyotosha karatasi zako. Siku moja zikakuishia, ukachora mtaro kwa chaki juu ya kitambaa cha mteja, naye fundi akakata akiufuata. Suruali ile ilikuwa na mguu mmoja unaoelekea mtoni. Mlilala mnacheka.

Kisha likaja la mtaa wa nyuma ya stesheni. Uliupinga mpango wa kuubomoa mbele ya madiwani, magazetini na mahakamani, ukashindwa kote. Na aliyepewa kazi ya kuziwekea alama nyumba za kubomolewa akawa mwanao, mpima ardhi wa jiji. Alikuja kukwambia mwenyewe, wakati wa chakula, kabla hujasikia kwa watu. Sote tuliacha kula tukingoja. Wewe ulimeza tonge, ukamuuliza anaanza saa ngapi.

Akasema saa mbili.

“Basi mimi nitatangulia,” ukasema. “Wakikuona wewe kwanza, hawatasikia tena neno la mtu.”

Asubuhi ukapita mlango kwa mlango, ukieleza alama ile ina maana gani, zimebaki siku ngapi, na pingamizi hupelekwa wapi. Nyuma yako alikuja yeye na ndoo ya rangi nyekundu. Mama mmoja, muuza mkaa, alikuuliza kama huyo si mwanao.

“Ndiye,” ukamjibu. “Nimemzaa mimi. Walioamua wako ofisini, hawajashika brashi.”

Chuoni walikusema sana kwa siku ile. Jioni hiyo ulilifua shati la mwanao mpaka rangi ikatoka, ukalianika. Yeye alikuwa amekaa mlangoni.

Nyumba zilibomolewa. Kaya sitini na tatu zikatawanyika huku na huko. Ukaanza kuzifuata, moja moja, kwa basi na kwa miguu, na daftari lako la jalada gumu. Kazini sasa ni mbali kiasi gani? Watoto wanasoma wapi? Ukiugua usiku, ni nani wa kumgongea? Ulisema kitabu cha nne hakitaisha hadi ujue kila mmoja amefikia wapi. Kwa miaka minne ulizipata hamsini na tisa. Halafu zikaja zile ngazi.

Hatukujua kwamba mwanao amelichukua daftari. Kila Jumamosi alitoka, tukadhani anakwenda kaburini, hatukumuuliza. Kumbe alikuwa anazitafuta zile nne. Tatu alizipata kabla ya mvua. Ya mwisho aliipata mwezi uliopita, mbali kuliko kituo cha mwisho cha basi. Ni ya mzee mmoja, fundi viatu, anayeishi na bintiye katika chumba kimoja.

Mzee alimtambua papo hapo, kijana wa rangi nyekundu. Mwanao alisimama akingoja kufukuzwa. Mzee akamsogezea kigoda.

“Mama yako mbona hakuja mwenyewe?”

Mwaka mzima mwanao amewaambia watu kwamba umefariki bila sauti kutetemeka. Siku hiyo hakuweza.

“Amenituma mimi,” akasema.

Akafungua daftari, akauliza maswali yako yote kwa mpangilio wako, akaandika. Alipofika kwenye swali la nani wa kumgongea usiku, mzee alifikiri kidogo, akasema hapa bado hajamjua mtu, lakini aandike jina lake yeye, mpima, na namba yake ya simu. Akaandika.

Alipotusimulia hayo, mumeo alisimamisha cherehani. Akaliomba daftari, akausoma mstari huo, akampa mdogo wako. Ndipo tulipokulilia, Bi Mtaa, sote pamoja, kwa mara ya kwanza tangu tukuzike.

Unakumbukwa na mumeo, fundi; mwanao, mpima; mkaza mwanao; mdogo wako; wajukuu zako wawili; wanafunzi wako, na kaya sitini na tatu.

Hatutaacha kukukumbuka.