Mkono Umerudi, Maneno Yameondoka

Lubumbashi, Kampemba

Mama mkwe mpendwa,

Nakusalimia wewe na Baba huko Butembo. Mguu wako unaendeleaje? Watoto wazima, wanasoma. Siku ile kwenye simu nililia tu, hukupata la maana. Barua hii nampa padri wetu anayesafiri kuja huko, ili ujue yote kwa utaratibu.

Mwanao Paluku yuko hai. Soma yaliyobaki ukiwa umekaa.

Ilikuwa asubuhi, tuko depo, magunia ya unga yanashushwa. Paluku alikuwa anabishana na mteja, simu ikamponyoka. Nikaona mdomo umekwenda upande, mkono wa kuume unaning'inia.

"Ngoie, mukono yangu iko wapi?" akaniuliza.

Na mkono upo pale pale! Watu wakaanza kusema amelogwa. Sikuwasikiliza. Tukamwingiza kwenye teksi mpaka kliniki yenye skana. Daktari, mama mmoja mpole, akanionyesha picha.

"Damu iliganda, inafunga mushipa mukubwa ya bongo. Mulifika mbio, tunaweza kumutia dawa ya kuyeyusha. Lakini ile dawa inaweza pia kumwanga damu mu kichwa. Unakubali?"

"Na nikikatala?"

Akamtazama Paluku. Nikakubali.

Dawa ikaanza kuingia mshipani. Mama, baada ya muda vidole vikacheza! Mkono ukapanda mpaka puani, akajikuna. Tulicheka wote wawili. Akasema, "Ngoie, ambia bantu ba depo..."

Akakatikia hapo. Mdomo wazi, macho kwangu, sauti hakuna. Nilidhani ananitania. Nikampiga kofi begani. Halafu nikapiga kelele.

Wakamrudisha mbio kwenye skana. "Damu haikumwangika," daktari akasema. "Ile donge ilivunjika. Mushipa mukubwa ilifunguka, lakini kipande moja ilikimbia mbele, ikakwama mu mushipa mudogo, pale maneno inatokeaka."

"Ni dawa njo ilimuharibu?"

"Dawa njo ilimuokoa, mama. Ila haikumaliza kazi."

Mpaka leo nikiosha vyombo nasimama tu na sahani mkononi. Alikuwa anaongea, Mama. Nimemshika mkono, anaongea.

Sasa yuko nyumbani. Anatembea, anakula bukari, ugali wa huku, kwa mkono wa kuume, anatuelewa. Neno halikutoka hata moja mpaka Jumapili. Namvalisha shati la kwendea kanisani, akasema. Sentensi nzima, kwa Kinande! Unajua mimi ni Mluba, lugha yenu nimeishia kwenye salamu, na watoto hawaijui kabisa. Akaona sikuelewa. Akarudia, machozi yanamtoka. Wanande wenzake wa hapa mjini wakija kumwona, anageukia ukuta na kunyamaza.

Nisalimie Baba, wifi yangu mwalimu, na shangazi aliyemlea Paluku. Wamwombee.

Na wewe, Mama, ukimaliza kusoma, piga simu. Nitaiweka sikioni mwake. Msikilize vizuri, kisha unieleze mume wangu ananiambia nini.

Binti yako wa huku mbali,
Ngoie