Mbu wa Kizimba cha Pili

Usa River,
14 Juni 1997

Dada mpendwa Hanna,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute una nguvu ya kuamka na kula, maana shemeji Elinami aliniambia hata chai unaiacha ipoe. Mimi ni mzima wa mwili. Huku mvua imetosha, na jirani yangu Agnela anakupa pole.

Shemeji aliniambia pia kwamba mama mkwe wako bado anakulaumu kwa kumteremsha Aika kutoka mlimani, kusiko na malaria, na kwamba wewe mwenyewe umeanza kuamini. Dada, shamba la kahawa liliuzwa, shemeji akapunguzwa kazi, mkamleta mtoto kwangu asome. Nani angefanya vingine?

Mlizoea kunitania kuwa nalipwa kwa kufuga mbu. Dokta Sylvanus, mkuu wa mradi wetu, anasema tumboni mwa mbu wamo bakteria wanaoangamiza vimelea vingi vya malaria kabla havijamfikia mtu. Ili kulipima hilo, mbu wa kizimba cha kwanza tuliwapa maji ya sukari matupu. Wa kizimba cha pili tukawatilia dawa ya kuua bakteria hao. Kisha wote wakanyonya damu ya wagonjwa. Wale wa kizimba cha pili walijaa vimelea. Dokta alifurahi, mimi nikasisimka mwili.

Mlango wa kila kizimba ni mkono wa kitambaa, unaopigwa fundo ukimaliza kazi. Jumamosi moja nilikuwa nawahi mazoezi ya kwaya, sikulipiga la kizimba cha pili. Niliporudi, mbu kumi na mmoja hawakuwamo. Niliogopa kufukuzwa, nikaandika daftarini kwamba wamekufa. Chumba tulicholala mimi na Aika kimepakana na maabara. Siku ya kumi na mbili akashikwa na homa.

Labda aling'atwa na mbu wa mtoni kama watu wote wa huku. Hakuna atakayejua. Lakini tangu tumzike nasikia mlio wao sikioni, hata kanisani mchana kweupe, najipiga kofi shavuni watu wakinitazama. Ninaogopa, dada. Jana nilimweleza Dokta. Wewe ulistahili kuwa wa kwanza, nisamehe hata kwa hilo.

Mwoneshe mama mkwe wako barua hii. Hukumuua mwanao.

Wasalimie shemeji na watoto. Jumamosi ijayo nitapanda huko. Ukiona huwezi kunifungulia mlango, usifungue. Nitakaa kidogo kaburini kwa Aika, kisha nishuke.

Mdogo wako,
Anneth